Nidhamul-Mulk: Waziri Aliyewatafuta Walimu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetumwa kuwa mwalimu kwa watu wote, na ziwashukie Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapenzi, katika kurasa hizi mmezoea kusoma maisha ya Masahaba, ya Maimamu na ya masheikh waliotutangulia. Mara hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa sheikh wa darsa wala mtunzi wa vitabu vya fiqhi. Alikuwa waziri. Kazi yake ilikuwa kodi, majeshi na barua za Sultani. Hata hivyo jina lake limeandikwa katika historia ya elimu ya Kiislamu pamoja na majina ya wanavyuoni wakubwa, kwa sababu alilifahamu jambo moja ambalo sisi hulisahau: madrasa si kuta wala paa, madrasa ni mwalimu. Akikosekana mwalimu mwema, jengo zuri kuliko yote hubaki kuwa nyumba tupu.

Mtu huyo ni Abu Ali Hasan bin Ali bin Is-haq at-Tusi, anayejulikana zaidi kwa lakabu yake, Nidhamul-Mulk, yaani mtengeneza utaratibu wa dola. Neno letu la Kiswahili "nidhamu" limetoka katika asili hiyo hiyo ya Kiarabu.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Nidhamul-Mulk alizaliwa mwaka 408 H (1018) katika wilaya ya Tus, Khurasan, sehemu ambayo leo iko kaskazini mashariki ya Iran. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Waghaznavi katika kazi ya kukusanya kodi. Wanahistoria wamesimulia kwamba mama yake alifariki naye angali ananyonya, na mali ya baba yake ilikuwa imekwisha. Baba akawa anamchukua mtoto na kumpitisha kwa wanawake wanaonyonyesha, nao wakimnyonyesha kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu bila ya malipo.

Basi mtu huyu ambaye baadaye mikono yake ilishika hazina ya dola kubwa alikua kwa hisani ya watu. Alihifadhi Qur'ani angali mdogo, akasoma fiqhi katika madhehebu ya Imamu Shafi, akasikiliza Hadithi kwa masheikh wa zama zake. Hata alipokuwa waziri hakuacha kukaa katika vikao vya Hadithi.

KUINGIA KATIKA UTAWALA

Kijana Hasan alijifunza kazi ya ukatibu kama baba yake. Baadaye alihamia kwa Waseljuki, Waturuki waliokuwa wakiinuka wakati ule, akamtumikia Alp Arslan, aliyetawala Khurasan. Alp Arslan alipokuwa Sultani, alimfanya waziri wake mkuu mwaka 456 H (1064). Alp Arslan alipouawa mwaka 465 H (1072), mwanawe Malik Shah alirithi ufalme naye ni kijana wa miaka kumi na saba hivi, na mzigo mkubwa wa dola ukabaki mabegani mwa waziri. Kwa jumla alishika uwaziri kwa muda wa karibu miaka 29. Dola ile ilianzia mipaka ya Asia ya Kati ikafika Sham na Anatolia.

Aliandika pia kitabu kwa lugha ya Kiajemi kiitwacho Siyasatnama, cha nasaha kwa wafalme juu ya namna ya kutawala. Lakini kilicholidumisha jina lake zaidi ni zile madrasa zilizoitwa kwa jina lake, Nidhamiya.

FITINA ILIYOWAFUKUZA WALIMU

Ili tuifahamu kazi aliyoifanya, tutazame hali aliyoikuta. Kabla yake, katika zama za Sultani Tughril, waziri al-Kunduri aliwaandama wanavyuoni wa Ashaira katika Khurasan. Walilaaniwa juu ya mimbari, wakazuiwa kusomesha, baadhi yao wakatiwa jela. Miongoni mwa waliolazimika kuihama Nishapur alikuwa kijana mwenye elimu nyingi, Abul-Maali al-Juwayni. Alikwenda Baghdad, kisha Hijaz, akakaa miaka minne baina ya Makka na Madina akisomesha na kutoa fatwa. Kwa sababu hiyo akaitwa Imamul-Haramayn, Imamu wa Misikiti Miwili Mitukufu.

Fikirini hasara ya mji ule. Misikiti ya Nishapur ilikuwa imesimama, vitabu vilikuwepo na wanafunzi walikuwepo, lakini mwalimu alikuwa amefukuzwa.

Nidhamul-Mulk aliposhika uwaziri alisimamisha laana zile, akawaita wanavyuoni warudi makwao. Al-Juwayni aliporudi Nishapur, waziri alimjengea madrasa, nayo ndiyo Nidhamiya ya Nishapur. Al-Juwayni akasomesha hapo kwa miaka mingi, mpaka alipofariki mwaka 478 H (1085). Imepokewa kwamba siku aliyofariki wanafunzi wake walikuwa karibu 400, na kwa huzuni waliyokuwa nayo walivunja kalamu zao na vidau vyao vya wino.

Madrasa zilikuwepo Nishapur kabla ya Nidhamul-Mulk, basi si sahihi kusema kuwa yeye ndiye aliyezivumbua. Aliloleta ni kuzieneza mji baada ya mji kwa mpango mmoja, na kuwawekea walimu na wanafunzi riziki maalumu isiyotegemea huruma ya siku hiyo. Wanahistoria wamezitaja Nidhamiya za Baghdad, Balkh, Nishapur, Herat, Isfahan, Basra, Marw, Amul na Mosul.

SHEIKH ALIYEKATAA KITI

Kubwa kuliko zote ilikuwa Nidhamiya ya Baghdad. Ujenzi ulianza mwaka 457 H (1065), ikafunguliwa mwezi wa Dhulqaada mwaka 459 H (Septemba 1067). Waziri alikwisha kumchagua mwalimu wake kabla ya mlango kufunguliwa. Naye alikuwa Sheikh Abu Is-haq ash-Shirazi, mtunzi wa at-Tanbih na al-Muhadhdhab, vitabu viwili ambavyo wanafunzi wa fiqhi ya Shafi wanavijua mpaka leo.

Abu Is-haq alikuwa fakiri. Imesimuliwa kwamba hakupata kuhiji maisha yake yote kwa sababu hakuwa na uwezo. Mtu angedhani kwamba fakiri kama huyo akiitwa kushika kiti kikubwa kuliko vyote Baghdad, atakwenda mbio.

Siku ya ufunguzi ikafika. Watu wakakusanyika, wakubwa wa mji wakaja, wakamsubiri sheikh. Sheikh hakutokea. Akatafutwa, hakuonekana. Imepokewa kwamba alipokuwa njiani alikutana na kijana aliyemwambia kuwa katika ardhi na vifaa vya jengo lile mna mali iliyochukuliwa kwa watu bila ya haki. Sheikh akageuza njia, akajificha. Watu walipochoka kungoja, akakalishwa kitini Sheikh Ibnus-Sabbagh, mwanachuoni mwingine mkubwa, ili siku isipite bila ya darsa.

Habari zilipomfikia waziri hakuridhika. Angeweza kusema kwamba kiti kimepata mtu na yamekwisha. Lakini yeye alimtaka yule aliyemchagua, akaendelea kumtaka. Wanafunzi wa Abu Is-haq nao wakamshikilia sheikh wao, wakamjulisha kwamba asipokubali watamwacha na kwenda kusoma kwa Ibnus-Sabbagh. Baada ya siku 20 Abu Is-haq akakubali. Hata hivyo, imesimuliwa kwamba ulipofika wakati wa Sala alikuwa akitoka madrasani na kwenda kusali katika msikiti mwingine, kwa kuiogopa ile shubha ya ardhi. Akasomesha hapo mpaka alipofariki mwaka 476 H (1083).

Wanafunzi wapenzi, kitazameni kisa hiki pande zote mbili. Upande mmoja kuna sheikh ambaye njaa haikumfanya aache kuuliza juu ya halali na haramu. Upande wa pili kuna waziri aliyefahamu kwamba mtu wa namna hiyo hasa, anayeogopa kukikalia kiti, ndiye anayefaa kukalishwa. Wako wengi wanaokikimbilia kiti cha mwalimu. Mwenye kuujua uzito wake hukiendea polepole.

Sheikh alipofariki, mtoto wa waziri aliyekuwa Baghdad alifanya haraka kumweka mwalimu mwingine mahali pake. Baba yake alimkemea kwa barua. Aliona kwamba ilifaa madrasa ifungwe mwaka mzima kwa kumwomboleza mwalimu kama yule.

RIZIKI YA MWALIMU

Sasa tutazame namna madrasa zile zilivyoendeshwa, kwani hapa pana funzo kubwa kwetu.

Nidhamul-Mulk hakuwaambia walimu wake wasubiri michango, wala hakuwaacha watazame mkono wa kila mzazi anayepita. Aliweka wakfu. Mwaka 462 H (1070) hati ya wakfu wa Nidhamiya ya Baghdad ilisomwa mbele ya watu. Ndani yake mlikuwa na jengo lenyewe, vitabu, mali nyingine, na soko lililojengwa mlangoni mwa madrasa. Mapato ya mali hizo yalikuwa ya madrasa. Mfanyabiashara alipolipa kodi ya duka lake, kodi ile ikawa chakula cha mwalimu na posho ya mwanafunzi. Hati ilimtaja mwalimu wa fiqhi, mtoa mawaidha, mtunza maktaba, msomaji wa Qur'ani na mwalimu wa nahau ya Kiarabu, na kila mmoja akawekewa fungu lake katika wakfu. Mtaalamu mkubwa wa lugha, al-Khatib at-Tabrizi, alikuwa miongoni mwa waliosomesha hapo, na pia aliitunza maktaba yake.

Uzuri wa mpango huu ulionekana baada ya mwenyewe kufa. Mwaka 1184, karibu miaka 92 baada ya kifo cha waziri, msafiri Ibn Jubayr kutoka Andalusia alifika Baghdad, akaona madrasa 30 hivi, na Nidhamiya ikiwa mashuhuri kuliko zote. Aliandika kwamba wakfu zake zilikuwa bado zikiwalipa walimu na kuwapa wanafunzi riziki zao. Hata Ibn Battuta alipopita mwaka 1327, baada ya Wamongoli kuuvunja mji mwaka 1258, aliitaja. Mawaziri wangapi walikuja wakaondoka katika muda huo, na mwalimu bado alipata fungu lake!

Pamoja na riziki, aliwapa heshima. Imesimuliwa kwamba walipoingia kwake Imamul-Haramayn na Imamu al-Qushayri, waziri aliwasimamia, kisha akarudi kukaa mahali pake. Lakini alipoingia Sheikh Abu Ali al-Farmadhi, alisimama, akamkalisha katika kiti chake yeye mwenyewe, naye akakaa mbele yake kama mwanafunzi. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba wale wawili wakija humsifu kwa yale asiyokuwa nayo, na nafsi yake hupata kiburi, ama sheikh huyu humkumbusha aibu zake na dhuluma anazofanya, na nafsi yake hunyenyekea. Waziri aliyeshika dola alimpa kiti yule aliyemwambia kweli.

Imepokewa pia kwamba wachongezi walimwendea Sultani Malik Shah wakamwambia kuwa fedha anazotumia waziri kwa wanavyuoni na wanafunzi zingetosha kuandaa jeshi la kufika Konstantinopoli. Sultani akamuuliza waziri wake. Waziri akamjibu kwamba jeshi la Sultani lina mishale ambayo mwendo wake ni mfupi na lenyewe limezama katika starehe, na yeye amemuandalia jeshi jingine, jeshi la usiku, ambalo dua zake hufika pasipofika mishale. Imesimuliwa kwamba Sultani alilia, akamruhusu aendelee.

WALIMU WALIANDALIWA VIPI?

Mtu anaweza kuuliza: walimu hao walitoka wapi? Hawakuota kama uyoga. Kulikuwa na njia ya kuwaandaa.

Katika darsa za zama zile palikuwa na cheo cha muidi, maana yake mrudiaji. Alikuwa mwanafunzi mkubwa aliyekwisha pevuka. Mwalimu akimaliza somo, muidi alikaa na wenzake akawarudia, akamweleza asiyefahamu na kumsikiliza aliyehifadhi. Kwa njia hiyo wanafunzi dhaifu hawakuachwa nyuma, na muidi mwenyewe akajifunza kazi ya ualimu chini ya jicho la mwalimu wake. Abu Is-haq ash-Shirazi alipita njia hiyo. Alikuwa muidi wa mwalimu wake, al-Qadhi Abut-Tayyib at-Tabari, mpaka mwalimu akamruhusu kukaa mahali pake na kusomesha. Al-Kiya al-Harrasi alikuwa muidi wa Imamul-Haramayn kule Nishapur, naye baadaye akashika kiti cha Nidhamiya ya Baghdad mpaka alipofariki mwaka 504 H (1110).

Basi mwanafunzi mkubwa anayeambiwa na mwalimu wake awasikilize wadogo Juzuu Amma asidhani kuwa anapotezewa wakati wake. Hiyo ndiyo skuli ya ualimu waliyoipita wakubwa hao.

YATIMA ALIYEFUATA CHAKULA

Mfano mkubwa wa njia hii ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 450 H (1058), wilaya ile ile aliyozaliwa waziri. Baba yake alikuwa fakiri mcha Mungu. Alipokaribia kufa aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake, akamwachia fedha kidogo. Fedha zilipokwisha, yule rafiki aliwaambia kuwa hana cha kuwalisha, na akawashauri wajiunge na madrasa, kwani huko mwanafunzi hupata riziki yake. Wakaenda. Ghazali mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba waliitafuta elimu kwa jambo lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, lakini elimu ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili Yake.

Lau madrasa ile isingekuwa na chakula, huenda yatima yule angekwenda kuchunga kondoo, na sisi tusingekuwa na Ihyau Ulumid-Din.

Ghazali akasoma Tus, kisha Jurjan, kisha akaenda Nidhamiya ya Nishapur kwa Imamul-Haramayn. Huko alikuwa akiwasaidia wanafunzi wenzake angali mwanafunzi. Sheikh wake alipofariki mwaka 1085, akaenda kwenye kambi ya Nidhamul-Mulk, ambako wanavyuoni walikuwa wakikutana na kujadiliana mbele ya waziri. Waziri alimsikiliza kijana huyo akihojiana na wakubwa, akaiona elimu yake. Hakumpa kiti siku ya kwanza. Ilipita kama miaka sita ndipo mwaka 484 H (1091) akamteua kuwa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, naye akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Karibu watu 300 walikuwa wakihudhuria darsa yake.

Baada ya miaka minne, mwaka 488 H (1095), Ghazali aliacha yote. Aliitazama nia yake, akaona kwamba kusomesha kwake kumechanganyika na kutaka cheo na sifa. Ulimi ukamwia mzito, akawa hawezi kutoa somo. Akagawa mali yake, akabakisha kiasi cha kutosha watoto wake, akamwacha ndugu yake Ahmad asomeshe mahali pake, akatoka kwenda Sham, Baytul-Maqdis na Hijaz. Miaka 11 baadaye, mwaka 1106, Fakhrul-Mulk, mtoto wa Nidhamul-Mulk, alimwita arudi kusomesha, na Ghazali akakubali kushika darsa katika Nidhamiya ya Nishapur, mahali alipokuwa amesomea. Mwisho alirudi Tus akasomesha wachache karibu na nyumba yake, akafariki mwaka 505 H (1111).

LAWAMA ZILIZOTOLEWA

Si haki kumsifu mtu na kuficha yaliyosemwa dhidi yake. Wanavyuoni wa Mawaraun-Nahr, yaani nchi za ng'ambo ya mto Amu ambako leo ni Uzbekistan, waliposikia kwamba Baghdad kumejengwa madrasa zinazolipa mshahara, imesimuliwa kwamba waliweka matanga ya elimu. Waliona kwamba zamani elimu ilitafutwa na wenye himma kubwa kwa ajili ya elimu yenyewe, na sasa itatafutwa na wenye tamaa kwa ajili ya mshahara. Hofu yao haikuwa ya bure, na kisa cha Ghazali ni ushahidi.

Pia madrasa zile zilikuwa za madhehebu moja tu, na ndani yake mlikuwa na siasa: waziri alitaka wanavyuoni wamsaidie kuitia nguvu dola. Aliwajaza wanawe na jamaa zake katika vyeo, na jambo hilo likamletea maadui wengi.

Lakini tulitazame jambo lenyewe kwa uadilifu. Mshahara hauwezi kumpa mwalimu ikhlasi, hiyo ni kweli. Na njaa nayo haimpi ikhlasi. Mwalimu mwenye ikhlasi akilala na njaa, watakaoulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu ni wale waliomwacha na njaa huku wakimsifu kwa ikhlasi yake. Wakfu humwondolea mwalimu wasiwasi wa chakula, na kubakia baina yake na Mola wake kazi ya kuisafisha nia. Kila upande una wajibu wake, na upande mmoja usijifiche nyuma ya mwingine.

KIFO CHAKE

Katika miaka ya mwisho mapenzi baina ya Malik Shah na waziri wake yalipungua, na mahasimu wake katika ikulu wakapata nguvu. Mwaka 485 H msafara wa Sultani ulikuwa ukitoka Isfahan kwenda Baghdad. Usiku wa mwezi 10 Ramadhani (Oktoba 1092), karibu na Nahavand, baada ya kufuturu, waziri alikuwa akibebwa kwenda kwenye hema la ahali zake. Akatokea kijana katika mavazi ya kisufi, kama mtu mwenye haja ya kuombea. Waziri alipomwelekea, akamchoma kisu. Wanahistoria wengine wamewataja wafuasi wa ngome ya Alamut, na wengine wamewashuku mahasimu wake wa ikulu. Alizikwa Isfahan, naye amekaribia umri wa miaka 75. Malik Shah naye alifariki wiki chache tu baadaye, na wanawe wakaingia katika vita vya kugombea ufalme. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

ALICHOTUACHIA

Leo mtu akienda Baghdad hataliona jengo la Nidhamiya. Kuta zile zote zimetoweka. Lakini tazameni kilichobaki. Imamul-Haramayn alimsomesha Ghazali. Ghazali aliandika al-Wajiz katika fiqhi. Imamu ar-Rafii akaisherehi al-Wajiz, na pia akaandika al-Muharrar. Imamu an-Nawawi akaifupisha al-Muharrar, akaiita Minhajut-Talibin. Na Minhaj ndiyo iliyosomeshwa kizazi baada ya kizazi Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Masheikh wetu wa pwani waliisoma juu ya mikeka ya misikiti yao, na huenda mwalimu wako aliisoma kwa mmoja wao. Dinari za waziri zilizomwezesha mwalimu mmoja kukaa Nishapur bila ya wasiwasi zimefika mpaka mapajani mwako, juu ya marfaa yako.

Basi katika maisha yake tunapata mafunzo haya:

1. Mwalimu mwema hutafutwa. Nidhamul-Mulk hakungoja walimu waje kuomba kazi. Aliwaita kutoka uhamishoni, aliwasikiliza wakijadiliana, na alimngoja aliyekataa mpaka akakubali. Kwetu mara nyingi kazi ya kuwasomesha watoto wadogo hupewa yeyote aliyekosa kazi nyingine.

2. Mwalimu huandaliwa. Kuhifadhi ni jambo moja na kusomesha ni jambo jingine. Anayetaka kuwa mwalimu aanze kuwa muidi, chini ya anayejua zaidi.

3. Mwalimu hutunzwa kwa mpango. Tunachangia marumaru, mazulia na vipaza sauti vya msikiti, na hilo ni jema. Lakini fungu la mwalimu tunalitoa katika kinachobaki, na mara nyingi hakuna kinachobaki. Mwalimu anasomesha watoto sitini asubuhi, na jioni anahangaika na biashara ndogo ili nyumba yake ipate chakula. Siku moja anapata kazi ya kudumu mahali pengine, anaondoka, na watoto wanabaki wakiimba alifu bee peke yao. Wazee wetu waliweka wakfu minazi, mashamba na nyumba. Duka moja la wakfu ambalo kodi yake ni ya mwalimu ni bora kuliko ahadi mia za harambee.

4. Mwalimu huheshimiwa, hasa yule anayetuambia aibu zetu.

5. Na mwalimu naye aitazame nafsi yake kama alivyofanya Ghazali, kwani haki ya kulipwa haimwondolei wajibu wa kuitakasa nia.

Wanafunzi wapenzi, miongoni mwenu watatoka wafanyabiashara, madaktari, mabaharia na, inshaallah, viongozi. Mmoja wenu akijaaliwa mali au madaraka, akumbuke kuwa palikuwa na mtoto aliyenyonyeshwa bila ya malipo, na alipopata uwezo akawalisha waliokuwa wakisoma na waliokuwa wakisomesha. Na mmoja wenu akijaaliwa kuwa mwalimu, basi asione haya. Amekaa katika kiti ambacho Abu Is-haq alikiogopa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu waliotangulia, awape afya na riziki ya halali waliopo, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaojua haki zao. Amin.

Wabillahit-tawfiq.